Mninga, Mlingoti na Ardhi ya Wakfu



Mvua zinapokaribia, familia na kamati za misikiti, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, huulizana wapande nini. Jibu jepesi ni milingoti: hukua upesi, huuzwa nguzo, na msikiti ukapata bati.

Mlingoti si haramu. Achomaye matofali kwa kuni alizozipanda mwenyewe ameuacha mti wa porini usimame. Lakini shamba la milingoti si msitu, na likiwa juu ya chemchemi hunywa maji ya majirani.

Miti inayotutoka mkoani Ruvuma ni mingine. Mwaka 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES uliiweka biashara ya mpingo chini ya udhibiti, na mwaka 2023 mninga nao ukaongezwa. Tulipoyapasua magogo yake kwa vitanda na milango, wangapi kati yetu waliacha mche nyuma?

Mninga una tabia isiyojulikana na wengi. Kila kiangazi kijishina cha mche hunyauka, na mwenye shamba husema umekufa. Kumbe mzizi unanenepa chini. Huendelea hivyo miaka kadhaa, hata mwaka mmoja shina huinuka lisirudi tena. Kuurejesha, basi, hakuanzii kitaluni pekee. Huanzia kwa kuuzuia moto wa kusafishia mashamba na kuviacha visiki vichipue. Wamatengo, walioshikilia udongo wa miteremko kwa mashimo ya ngolo vizazi kwa vizazi, hawahitaji kufundishwa subira na ardhi.

Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Anas waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufahamisha kuwa Muislamu apandaye mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakushurutisha kwamba mpandaji naye ale. Apandaye mninga kwa umri wangu hataupasua mbao. Wajukuu wake huenda. Na Madina Mtume aliiwekea mipaka, miti yake isikatwe.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Jambo hilo hatuliwezi peke yetu. Majirani zetu wengi ni Wakristo, na moto hauulizi dini ya shamba. Waumini wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji na walitamke. Ama ardhi ya wakfu, kamati zisiipande milingoti yote: sehemu iliyo karibu na maji iachiwe miti ya asili, na mipaka yake ilimiwe njia ya moto kabla ya kiangazi.

Wabillahi Tawfiq.