Mng'aro wa Mtoni Unalipiwa na Nani?

KANDO YA LAMI
Safu ya kila wiki ya Wesley Kiprono

Mvua ikishanyesha usiku, asubuhi yake hapa Longisa huhitaji kumuuliza mwendesha boda ametokea upande gani. Tazama madigadi yake. Aliyepita lami kutoka Bomet ana vitone vichache tu. Aliyetoka ndani, kwenye njia za vijijini, amefika na tope jekundu hadi magotini, na tairi la nyuma limejaa udongo kiasi cha kukataa kuzunguka.

Hoteli za Diani na Naivasha zina zile pikipiki za magurudumu manne za kuwaburudisha wageni, na zinasifiwa kwamba hupita popote. Huku kwetu chombo cha kupita popote kina magurudumu mawili. Alfajiri kimebeba madebe ya maziwa, saa nne kimebeba mama mjamzito wa kwenda hospitali ya rufaa, na jioni kimefungwa mbao zinazopita upana wa barabara. Pembeni yake kuna Land Cruiser za kazi na pikapu kuukuu. Vyombo hivi vyote hulala na matope, na vyote hutakiwa kung'aa kesho yake.

Sina ugomvi na mng'aro. Abiria aliyevaa nguo za kanisani ataruka boda tatu chafu apande ya nne iliyo safi, hata kama dereva wake ana haraka za kuogofya. Pikipiki nyingi hapa zimenunuliwa kwa mkopo, na siku ya kuiuza, mnunuzi hutazama tanki na kiti kabla ya kuwasha injini. Kizuri chajiuza. Kijana anayeosha chombo chake ana akili ya biashara, na anayeoshea wengine amejipatia kazi bila kupiga magoti kwa mtu.

Ugomvi wangu ni na mahali na namna. Longisa imekaa kati ya mito miwili, Nyangores kwa upande wa Bomet na Amala kwa upande wa Mulot, na vijito kadhaa viko katikati. Penye maji na njia ya kushukia, ndipo penye kuoshea. Pikipiki inaingizwa majini hadi nusu ya gurudumu, injini ingali moto. Sabuni ya unga inamwagwa, brashi ngumu inapita kila mahali. Kisha inakuja hatua ya urembo: kitambaa kilicholowa dizeli kinapakwa kwenye injini na plastiki nyeusi, na oili chafu inapakwa kwenye tairi. Chombo kinatoka pale kama kimeshushwa dukani leo, na siku mbili baadaye vumbi limeganda zaidi juu ya ile dizeli kuliko hapo mwanzo.

Dizeli huyeyusha grisi. Ikipita kwenye cheni inaondoa ulainisho uliokuwa umebaki, cheni inakauka na kuanza kulia, na meno ya sproketi yanalika kabla ya wakati. Mpira wa tairi nao unaponyweshwa mafuta ya petroli huvimba na kulegea. Tairi lililopakwa oili likiingia kwenye kona iliyolowa, linateleza. Watu huanguka na kulaumu barabara. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa nguo. Ni kali, inaondoa nta iliyo juu ya rangi pamoja na uchafu, na ikirudiwa kila wiki rangi inapauka. Huku tuliko, chini ya digrii moja kutoka ikweta na juu milimani, jua halihitaji msaada wa kupausha kitu.

Matope yenyewe yana namna yake. Udongo uliokauka una chembe za mchanga ngumu kuliko rangi, kwa hiyo anayefuta vumbi kwa kitambaa kikavu anakwaruza tanki lake mwenyewe. Loweka kwanza, ngoja udongo ulainike, umwagie maji utoke, ndipo uguse kwa kitambaa, ukianza juu kushuka chini. Ngoja injini ipoe. Chuma kilicho moto hakipendi maji baridi ya ghafla. Ziba tundu la egzosi. Mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye kitovu cha gurudumu wala kwenye nyaya, maana inasukuma maji na mchanga kupita mipira ya kuzuia maji na kuyaacha ndani ya beringi. Ukimaliza, kausha, tia cheni oili safi kidogo, kisha endesha polepole ukikanyaga breki mara kadhaa hadi zishike. Plastiki nyeusi ipake ile polishi ya dukani iliyotengenezwa kwa plastiki, kidogo tu. Nta ya gari ni ya rangi, na chupa moja humtosha mtu miezi mingi.

Wanaolipwa kuosha hukimbilia kinachoonekana, na wenye magari ndio waliowafundisha hivyo kwa kulipia kinachoonekana. Chini ya madigadi na juu ya chasisi, tope hubaki na unyevu wake wiki nzima, na kutu hufanya kazi usiku na mchana. Land Rover za kwanza za 1948 zilivishwa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Bodi hiyo haishiki kutu, lakini chasisi yake ni chuma. Ndiyo maana Land Rover za zamani zilizobaki nyanda hizi unaweza kuzipaka polishi mlango ukajiona usoni, kisha fundi akagonga chini kwa nyundo, na nyundo ikatokea upande wa pili.

Turudi mtoni. Nyangores na Amala zote zinatoka msitu wa Mau, na zikikutana huko chini ndipo unapozaliwa mto Mara, unaopita Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria upande wa Musoma. Ila si lazima kumwazia kiboko wa Serengeti. Hatua mia mbili chini ya pale pa kuoshea kuna mama anateka maji ya kupikia kwa mtungi wa plastiki. Povu la sabuni linaharibu ute unaolinda matamvua ya samaki, na utando wa mafuta unazuia hewa kuingia majini. Kijana wa kuosha atakujibu kwamba udongo na mbolea kutoka mashamba yetu ya miteremkoni huchafua zaidi, na hapo ana hoja nzito. Tumelima hadi ukingoni kabisa. Lakini mashamba hayampi yeye ruhusa ya kumwaga oili.

Sheria ipo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilizuia shughuli za maendeleo ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto. Kinachofuata huwa ni msako: vijana wanafukuzwa, ndoo zinachukuliwa, wiki ya pili wote wamerudi, kwa sababu hawakuonyeshwa pa kwenda. Na kila Septemba 15, Siku ya Mara inapoadhimishwa, Kenya na Tanzania hupanda miti na kutoa hotuba juu ya mto huu. Wakuu hufika kwa magari makubwa yanayometameta. Natamani siku moja mtu ainue mkono aulize yameoshewa wapi.

Pa kwenda panaweza kujengwa, na si mradi wa kusubiri wafadhili. Paa la mabati la mita mraba 50, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hukusanya lita 500. Pikipiki moja ikioshwa kwa utulivu inatosheka na ndoo mbili za lita 20. Hata maji mengine yakipotea, mvua moja hiyo inaosha pikipiki kumi, na mvua si kitu kinachopungua sana huku. Chini ya paa weka sakafu ya zege yenye mwinamo, na mwisho wa mwinamo shimo la kuchujia lenye vyumba viwili: tope likae chini, mafuta yaelee juu na kuzolewa, maji yatoke katikati yaende kwenye nyasi. Oili chafu iwe na dumu lake.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na steji za boda zimeshaanza kupokea wageni wenye jaketi za kuakisi mwanga zilizoandikwa majina yao mgongoni. Jaketi tunazo za kutosha. Atakayefuata aulizwe mabati, simiti na tangi, na steji itoe kiwanja.