Mtafiti Arudi Barazani

Mtu wa tableti akibisha hodi Kipsongo, mtaa duni wa Kitale, maswali yake yanajulikana. Paa ni la nini? Jana mlikula mara ngapi? Kuku wangapi? Saa nzima inakwisha, mama anaachiwa kipande cha sabuni, na mgeni anaelekea nyumba ya pili. Majibu yamekwenda wapi, haambiwi mtu.

Magharibi ya Kenya imechunguzwa mno. Utafiti wa dawa za minyoo ulioanza Busia mwaka 1998, katika shule 75, ni sehemu ya kazi iliyompa Michael Kremer Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Banerjee na Duflo. Huko Bungoma, Kakamega na Vihiga, wajawazito 8,246 waliandikishwa kwenye jaribio la maji, vyoo, kunawa mikono na lishe. Matokeo yalitoka 2018 na kuwashtua wengi: klorini, sabuni na vyoo vilivyoboreshwa havikupunguza kuhara, wala havikuongeza kimo cha watoto. Waliopata nyongeza ya lishe ndio walioongezeka, tena kidogo. (Vyoo tunavitaka bado, asije mtu akatunukuu vibaya.) Habari kama hiyo ilipaswa kujadiliwa kila kata kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa. Ilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la madaktari.

Upepo unageuka, ingawa polepole. Mwaka 2020 kelele zilipigwa kuhusu jaribio la Kayole-Soweto, Nairobi, ambako wenye ploti wenye madeni walikatiwa maji ili ipimwe kama watalipa. Tangu hapo swali la idhini ya wanaochunguzwa haliepukiki tena kirahisi. Na Kitale haianzi leo kuwashirikisha wakazi: mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la ITDG liliketi na wakazi wa mitaa duni, Kipsongo ikiwemo, kupanga mahitaji yao wenyewe.

NACOSTI, inayotoa leseni za utafiti, humtaka mtafiti ajulishe wakuu wa kaunti kabla ya kuanza na awasilishe ripoti akimaliza. Ripoti hiyo inaishia Nairobi. Tunataka sharti moja zaidi: asiyerudi asipewe leseni nyingine. Chifu aitishe baraza, mtafiti asimame aeleze alichokikuta, kwa Kiswahili na Kiturkana, aulizwe maswali mpaka watu watosheke, na nakala ibaki ofisini kwa chifu.