Baiskeli Yangu Haidaiwi na Mtu

Swali ni lile lile kila nikipita stendi ya Kehancha, na huja na kicheko: "Wewe na masomo yako yote, si ungechukua nduthi?"

Wacha nijibu mara moja, kwa maandishi, ndio nipumzike.

Kwanza, masomo yenyewe ni nusu. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda. Tangu hapo nakula kwa kuandika, na kwa miaka mitatu niliandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za shahada ambayo mimi sina. Pesa ikiingia M-Pesa, naweka kidogo kando. Nilitaka kitu kimoja tu: baiskeli ya chuma iliyotengenezwa kwa kipimo changu.

Mimi ni mfupi. Baiskeli nilijifunza kwa Black Mamba ya babu, vile watoto wengi wa huku hujifunza: mguu mmoja umepita chini ya bomba la juu, mwili umepinda kando kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Black Mamba naiheshimu. Imebeba maziwa, mahindi, magunia ya makaa na wagonjwa. Lakini ilichorewa mwili wa mtu mwingine. Mitumba ya sokoni nayo ni hivyo hivyo: ilimtosha mwenyewe huko Ulaya, wewe unajikunja uitoshe.

Fundi wangu huchomelea mageti na vitanda. Nilipomweleza, hakucheka. Alichukua tepu akanipima miguu, mikono na mgongo. Akatafuta fremu mbili kuukuu za Mamba, akazipasha moto kwa gesi hadi brasi kwenye maungio ikayeyuka, akachomoa mabomba, akayakata, akayaunga upya. Ilichukua wiki sita, maana stima ikipotea grainda inalala. Uma wa mbele ulitoka ukiwa umepinda kidogo. Akaufungua akarudia, bila kuniongezea hata shilingi. Jumla, pamoja na rimu, cheni na breki: Sh21,000.

Sasa sikia. Kule Birmingham, Uingereza, kampuni ya Reynolds ilitoa mabomba yake maarufu ya 531 mwaka wa 1935, na hadi leo kuna watu Uingereza, Italia na Marekani wanaongoja miezi mingi ili fundi mmoja, kwenye karakana moja, awaunganishie fremu kwa moto na brasi. Huyo anaitwa msanii. Wetu, kwa kazi hiyo hiyo, anaitwa jua kali, na tukitaka kutukana kitu tunasema, "Hiyo ni ya jua kali." Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti mwaka wa 1972 likiiambia Kenya ithamini kazi za watu hawa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, bado tunaona aibu kwa niaba yao.

Utasema chuma ni kizito. Ni kweli, nikipanda mlima nahema. Lakini kikivunjika Kehancha, kinaungwa Kehancha. Fremu ya kaboni ikipasuka hapa, utampelekea nani?

Na sina vita na nduthi. Usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, sitampa karia yangu. Ila nduthi mpya inapita laki moja unusu, na wenzangu wengi wameichukua kwa mkopo. Nawaona wanavyohesabu noti jioni: ya mafuta, ya mkopo, halafu ya unga, kama ipo. Mvua ikinyesha siku nzima, abiria hakuna, deni liko pale pale. Hao ndio wanaoniuliza kama nimekwama kimaisha.

Siku ya kuichukua nilimwomba fundi agonge jina lake kwenye fremu. Alishangaa. "Kijana wangu, nani ataangalia?"

Mageti yake yanafunga nusu ya mji huu, na hakuna hata moja lenye jina lake. Mwishowe aligonga herufi mbili, pale chini karibu na pedeli.

Kwa hivyo tukikutana barabara ya Isebania, usiniulize nitanunua nduthi lini. Inama uangalie herufi hizo, kisha uniulize aliyeiunda ni nani. Nitakupa namba yake.