Mbao za pinusi za sakafu: tuzipime kwanza



Juma lililopita tulikutana kwa hesabu ya AVEC nyumbani kwa mama mmoja wa kikundi chetu hapa Goma. Kila aliyevuta kiti, mguu wa kiti ulizama kati ya mbao za sakafu. Tulicheka. Mwenye nyumba hakucheka, kwa sababu sakafu ile aliilipia kwa fungu lake la mwaka mzima, na haijamaliza miezi mitano. Sisi wenyewe ndio tulimsindikiza depo kununua mbao zile. Kosa ni letu sote, na tumeona afadhali tulieleze hapa kabla ya wengine kugawiwa fungu lao.

Wengi wetu tunakaa katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji, na watu wakajenga tena juu yake kwa mbao. Wengine wako kwenye parseli ya kukodi ambapo mwenye parseli hataki nyumba ya matofali. Chini ni mawe makali na mchanga mweusi, tunatandika bashi ya plastiki na mkeka juu yake. Mtoto anayetambaa anachubuka magoti, baridi inapanda usiku, na viroboto na funza wanazaana katika vumbi. Mwenye parseli yake na pesa mkononi, tunamwambia wazi: aweke sima, inaoshwa kwa maji mengi bila hofu. Lakini sima haihamishiki. Sakafu ya mbao, siku ukihama, unang'oa misumari na unaondoka nayo.

Kuhusu aina ya mbao, zile ngumu zinazotoka Walikale zinadumu kuliko zote, ila bei yake kwa wengi wetu ni ndoto. Mkaratusi ni mgumu na mzito, lakini unapokauka unapenda kupinda na kupasuka. Pinusi, au msonobari kama tulivyofundishwa shuleni, ni nyepesi, inapigwa randa na msumari bila shida. Ubaya wake ni ulaini: kisigino cha kiatu na mguu wa kitanda vinaacha alama, na wadudu wanaipenda. Kwa chumba cha kulala na sebule inatosha kabisa, kama ni kavu.

Hapo ndipo tulipokosea. Pinusi iliyokatwa karibuni inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na ule wa mti mkavu, hata kuupita. Maji yakitoka, ubao hauwi mfupi sana, lakini upana unapungua. Ubao wa santimetri 20 unaweza kupoteza milimita 5 hadi 8. Fundi alizibana vizuri siku ile, hata karatasi haikupita. Kisha zikakaukia pale pale chini, huku zimeshikwa na misumari, na kila ubao ukaachana na mwenzake. Sasa maharagwe yanaanguka ndani, sarafu zinaanguka ndani, na panya wanatoka kula maharagwe. Muuzaji alituapia kwamba ni kavu. Hatukumwuliza kavu tangu lini.

Ubao mkavu unajulikana namna gani? Ugonge kwa kidole: mkavu unalia, mbichi unajibu kama umegonga mgomba. Uweke kwenye shavu: mbichi una baridi kama kitambaa chenye maji. Inua mbao mbili za kipimo kimoja. Ile nzito zaidi mara nyingi ndiyo yenye maji. Lakini hizi ni dalili tu. Kipimo chenyewe ni mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza maharagwe. Chagua ubao mmoja, uandike namba juu yake, uupime, uandike kilo. Juma linalofuata pima tena ubao ule ule. Ukiona uzito unashuka, maji bado yanatoka. Ukipima majuma matatu na kilo hazibadiliki, umekwisha kukauka kadiri hewa ya kwetu inavyoweza. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuandikia hesabu hiyo, na atafurahi kupewa kazi.

Kwa hiyo nunua mapema, usinunue siku ambayo fundi anakuja. Panga mbao chini ya paa, zisiguse ardhi, na kati ya kila safu weka vijiti vyembamba vya unene mmoja ili hewa ipite. Juu weka mawe mazito zisipinde. Usizianike juani, zitapasuka. Tegemea miezi miwili au mitatu, na zaidi wakati wa mvua. Tunajua ni vigumu kukaa na mbao miezi mitatu nyumbani pasipo nafasi. Mama mwingine aliomba ukuta wa jirani yake, akamlipa kwa vipande vilivyobaki.

Pale depo, usimwachie fundi au bwana peke yake kuchagua. Tazama ubao kwa jicho moja toka mwisho hadi mwisho uone kama umenyooka. Vifundo vilivyoshikana na mti havina shida. Kile chenye duara jeusi pembeni kitaanguka siku moja na kuacha tundu. Kataa ubao wenye ganda la mti ukingoni, na ule wenye moyo wa mti katikati, kwa kuwa hupasuka. Rangi ya bluu ni kuvu. Haipunguzi sana nguvu, lakini inakuambia ubao ulikaa na maji muda mrefu. Na kama bei inaruhusu, chukua mbao za upana wa santimetri 10 au 12 kuliko 20, maana nyembamba zinaacha mapengo madogo.

Hesabu ya chumba cha mita 3 kwa 4: mbao za mita 4 zenye upana wa santimetri 12 ni 25, ongeza 3 za kufidia zitakazoharibika. Chini yake miti ya kubeba, ya mita 3, kila santimetri 40, yaani 11. Miti hiyo ikae juu ya mawe, si juu ya udongo, na chini pabaki nafasi ya kupitisha mkono. Hewa ipite, na mchwa wakipanda uone njia yao.

Jambo moja linatusumbua. Mafundi wengi wanapaka mafuta ya vidanje, yale machafu yanayotolewa katika motokari, ili kufukuza wadudu. Kwa ukuta wa nje kila mtu anafanya. Ndani, ambako mtoto anatambaa kisha anaweka mikono mdomoni, tunasema hapana. Mafuta yale yana sumu, na hayakauki kabisa. Nunua verni katika kinkayeri, au acha mbao zilizopigwa randa bila kitu, uzipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Na mbabula isikae juu ya sakafu hii. Pinusi ina utomvu, inashika moto haraka. Pembe ya jiko ibaki mawe matupu, yenye mlango au dirisha wazi, kwa maana makala yanaua hata bila moshi wa kuonekana.

Sakafu ya mwenzetu itafunguliwa juma lijalo. Misumari itang'olewa, mbao 15 zitasukumwa zikaribiane, na mapengo yote yakijumlishwa, milimita 6 mara 15, ni santimetri 9. Anahitaji kipande kimoja tu cha upana huo. Tayari tumekinunua, kiko kwa mweka hazina, na kimepimwa mara mbili: mara ya kwanza kilo 6 na nusu, mara ya pili kilo 6. Bado tunangoja. Mizani ni ya kikundi, anayeihitaji aje aiazime, airudishe kabla ya siku ya mkutano.