Siku Stelingi Alipokufa Tandika

Scarborough, Toronto

Kwa watu wangu wa Tandika,

   Huku baridi imeanza kulegea, ingawa theluji ya zamani bado imerundikana kando ya maegesho, nyeusi kama masizi ya sufuria. Barua hii ni ya wote, lakini aliyenichokoza ni mtoto wa dada. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, na sita kati ya hizo zilikuwa za kulalamika. Filamu zetu hazifiki Oscar, anasema, kwa sababu hazina ubora. Dakika ya saba akaomba: "Mamdogo, wewe uko karibu na wenyewe. Nitajie filamu tano zilizoshinda tuzo nijifunzie."

Nilimsikiliza nikiwa kwenye basi, natoka zamu ya usiku. Nikaona nikimjibu peke yake nitakuwa nimewanyima wengine, maana wimbo huo mnauimba wote kila inapokaribia Machi, picha za zulia jekundu zinapoanza kumwagika kwenye kundi letu la familia.

Mwanangu, filamu mimi sikujifunzia huku. Nilijifunzia hapo hapo Tandika, kwenye banda la video nyuma ya soko. Mama akinituma mafuta ya taa, naipitia njia ya mbali makusudi. Msichana kuonekana bandani ilikuwa fedheha, kwa hiyo nilipiga chabo kwenye tundu la bati, jicho moja ndani na jingine njiani nisije nikakutwa. Ndani mabenchi ya mbao, joto, jasho la watu waliobanana. Vibanda umiza hawakuviita hivyo kwa utani. Baadaye zikaja kanda zenye msimuliaji, sauti ya Lufufu ikipita juu ya Kiingereza cha watu, akimkaripia adui, akimwonya stelingi kwamba nyuma yake kuna mtu. Nusu ya maneno yale hayakuwamo kwenye filamu. Hakuna aliyelalamika. Filamu ilikuwa na watengenezaji wawili, mmoja Hollywood na mmoja kwetu, na wa kwetu ndiye tuliyemsikia.

Sheria ya banda mnaijua: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa minyororo, lakini atarudi. Sasa siku walipoweka Sholay, Amitabh Bachchan alipoanza kukata roho mikononi mwa Dharmendra, banda zima lilikataa. Mtu mmoja alisimama akamwamuru mwenye deki arudishe mkanda nyuma. Alidhani umerukwa kipande. Mkanda ukarudishwa. Amitabh akafa tena. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia kwenye ukumbi wowote wa Toronto. Halafu ikaja ile sarafu. Filamu nzima alikuwa akiirusha kila wanapotaka kukata shauri, nani aende, nani abaki, na sarafu ndiyo inaamua. Rafiki yake anaiokota, anaigeuza, anakuta ina sura ile ile pande zote mbili. Kumbe hapakuwa na bahati yoyote. Tangu mwanzo alikuwa anachagua mwenyewe. Wapagazi wa soko, watu wanaobeba gunia la mchele bila kuguna, walitoka wakijifuta nyuso kwa mashati na kulisingizia joto. Mimi nilifika nyumbani bila mafuta ya taa na bila hela. Kipigo nilichopata ndicho kiingilio changu.

Sholay ilitoka mwaka 1975. Ukiniuliza filamu namba moja maishani mwangu ni hiyo, na wala sitafuti ya kuishindanisha nayo. Sasa sikiliza tuzo zilivyoitendea. Kwenye tuzo za Filmfare, ambazo kwa Wahindi ndizo Oscar yao, ilitajwa kwenye vipengele tisa na kuondoka na kimoja, cha uhariri. Filamu bora mwaka huo ilikuwa Deewaar. Nayo ni nzuri, Amitabh huyo huyo, waandishi wale wale wawili, Salim na Javed, siibezi. Lakini mwaka 2005 Filmfare hao hao wakarudi na kuitangaza Sholay filamu bora ya miaka 50. Miaka 30 imepita! Kama mtu anayekuja kulipa deni siku ya arobaini ya marehemu. Tandika tulikwisha kutoa hukumu yetu zamani, kwa kurudisha mkanda nyuma.

Msidhani mimi nimeokoka na tuzo. Nakesha kila mwaka. Usiku wa tarehe 2 Machi 2014 nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee, na bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa amekataa kulala mpaka aone nani kashinda. Lupita Nyong'o alipotajwa kwa 12 Years a Slave nilipiga kigelegele kilichoamsha korido nzima. Bibi akaniuliza kama yule ni wa kwetu. Nikasema ndiyo, wa kwetu kabisa. Ndugu zangu wa Kenya mnisamehe, mpaka wa Namanga huku hauonekani. Huko kwenu ilikuwa alfajiri, na nyote mlikuwa mmelala, mkaja kunipongeza mchana kana kwamba sanamu nimeishika mimi.

Tuzo ile ilikuwa halali yake. Lile tukio la kipande cha sabuni, Patsey akieleza kwamba alikwenda shamba la jirani kuomba sabuni tu ili ajisafishe, mimi siwezi kuliangalia mara mbili. Lakini ukitaka kujua Lupita anaweza nini, tafuta Us ya mwaka 2019. Humo ni watu wawili: mama mwenye familia yake, na kivuli chake kilichotoka chini ya ardhi na sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa miaka. Anapigana na nafsi yake, na wewe mtazamaji unafika mahali hujui umwombee yupi. Mwaka ule Oscar hawakumtaja hata kwenye orodha ya wateule. Filamu za kutisha kwao ni mtoto wa kambo. Mimi na bibi yangu tulinuna wiki nzima, yeye zaidi.

Turudi kwenye dai lako la ubora, mwanangu, maana hapo ndipo uliponiudhi. Kile kipengele cha filamu za kimataifa kwa miaka mingi hakikuwa na mlango wa kubisha mtu mmoja mmoja. Kila nchi ilikuwa ikipeleka filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati ambayo wenye Oscar wameikubali. Zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Na filamu iwe imeonyeshwa siku 7 mfululizo kwenye ukumbi wa sinema wa biashara, watu wakilipa kiingilio. Hesabu mwenyewe. Enzi za mwigizaji wetu Kanumba, Bongo muvi zilitoka studio zikaenda moja kwa moja kwenye kaseti na DVD, zikauzwa Kariakoo na kuzungushwa na machinga. Kumbi zenyewe zilikuwa zimefungwa au zimegeuzwa kazi nyingine. Hata angetengeneza filamu ya kuliza mawe, ingeishia nje ya geti kwa kukosa hizo siku 7. Nami siwadanganyi kwamba zote zilikuwa za kuliza mawe. Nyingine ziliniliza kwa sababu nyingine. Ila Aprili 2012 alipozikwa, na Leaders Club ikashindwa kubeba watu, sikusikia yeyote akiuliza marehemu alikuwa na tuzo ngapi.

Siku 7 hizo hizo ndizo Wanuri Kahiu alizozifuata mahakamani Nairobi mwaka 2018. Filamu yake Rafiki ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku. Mahakama ikaifungulia kwa wiki moja, kumbi zikajaa. Halafu kamati ya Kenya ikapeleka filamu nyingine.

Na sisi Tanzania? Tulipeleka Maangamizi mwaka 2001, kazi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambamo Amandina Lihamba anacheza mgonjwa wa hospitali ya akili aliyenyamaza kwa miaka. Anaigiza kwa macho na mabega. Haikuingia tano bora. Mwaka ule India iliingiza Lagaan, na Bosnia wakabeba sanamu kwa No Man's Land. Baada ya hapo tukakaa zaidi ya miaka 20 bila kupeleka kitu, mpaka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Asiyepeleka posa asilie kunyimwa mke. Kwa taarifa yako, Afrika nzima imekibeba kipengele hicho mara tatu: Algeria kwa Z, Ivory Coast kwa filamu ya mwaka 1976, na Afrika Kusini kwa Tsotsi. Mbili za mwanzo waongozaji wake si Waafrika.

Vuta N'kuvute niliiona hapa hapa Toronto, Septemba 2021, kwenye tamasha lao la filamu. Korona bado ilikuwepo. Tumevaa barakoa, viti vimeachwa wazi katikati kama meno yenye mapengo. Riwaya ya Adam Shafi nilikuwa nimeisoma hadi jalada likatoka, kwa hiyo niliingia nikiwa na wasiwasi wa mama mkwe. Yasmin anakimbia ndoa ya mzee, Denge anatembea na siri zake usiku, Unguja ya wakoloni, vichochoro na vivuli. Ni filamu ya polepole, na mahali pengine imependa uzuri wa picha kuliko haraka ya hadithi; Denge wa kitabuni alikuwa na moto zaidi. Lakini Kiswahili kile! Waswahili mle ukumbini hatukuzidi wanane, tumetawanyika, hatujuani. Mara kwa mara tulicheka kabla maandishi ya Kiingereza hayajafika chini ya picha, na Wazungu wakageuka kututazama. Mwanamke mmoja safu ya mbele aliguna "mmh" ile ya pwani, ndefu, ya kumwambia mtu umeyataka mwenyewe. Nikajua mwenzangu ni wa wapi. Nje tulisubiriana mlangoni, tukasimama kwenye upepo wa King Street zaidi ya nusu saa tukibishana kuhusu Yasmin kama jirani yetu aliyetoroka jana.

Tamasha hilo tuzo yao kubwa hupigiwa kura na watazamaji wenyewe. 12 Years a Slave iliipata mwaka 2013, Hotel Rwanda mwaka 2004. Mwaka 2021 ilikwenda kwa Belfast. Kura yangu mnajua ilikwenda wapi.

Ile "filamu nyingine" ya Kenya niliyoitaja juu ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, na kati ya filamu zetu zote naiweka mbele. Jo, mtoto wa miaka tisa, anarudishwa nyumbani kutoka hospitali kwa sababu dawa zimeshindwa. Yeye anapenda filamu za mashujaa. Dada yake anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, kisha kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo, mpaka wanaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Na mle kijijini yumo mwonyesha video, msimuliaji kama wale wetu! Nilipomwona nilisimama sebuleni peke yangu. Berlin waliitaja kwa heshima, na waliokaa kwenye jopo hilo walikuwa watoto. Hao ndio majaji ninaowaogopa. Mtoto akichoka, anaondoka.

Sasa hiyo filamu yako ya dakika kumi na mbili uliyonitumia, ukasema eti niifikirie kwa ajili ya matamasha. Nimeitazama mara tatu. Picha ya daladala alfajiri, taa zikipita kwenye uso wa kondakta aliyelala, ni nzuri; usiiguse. Yule kaka muuza maji anaigiza kuliko wengi niliowalipia tiketi huku. Lakini jikoni umeniangusha. Kijana anarudi nyumbani usiku baada ya siku tatu, na mama mtu anamwambia kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Mwanangu, nilikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu usalama wako." Mwanangu! Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja. Mimi mwenyewe nimewahi kurudi nimechelewa kwenye nyumba ile. Hajawahi kusema sentensi hiyo tangu azaliwe, na hata angekuwa anakufa asingeisema. Angekaa kimya. Angeendelea kuchambua mchele. Baada ya muda mrefu angesema, bila kuinua kichwa, kwamba ugali upo chini ya kawa, umeshapoa.

Iandike upya hiyo. Mwajiri mama yako mwenyewe, umpe ungo na mchele, usimwambie aseme nini. Ukimaliza, usinitumie mimi kwanza. Mwombe mwenye banda akuwekee kabla ya mpira, ukae nyuma, halafu unitumie sauti za watu.

Mamdogo wenu,
Scarborough