TAMKO LA TAWI: MELI YA HOSPITALI INA UPANDE WA PILI



Video ya Peace Ark, meli ya hospitali ya China iliyotia nanga Dar es Salaam Julai 2024, inazungushwa tena humu kwa maneno "wenzetu wanatupenda". Aliyetibiwa bure hatumlaumu, hata sisi tungepanga foleni. Ila meli ile ni ya jeshi la majini. Ilishakuja 2010 na 2017. Na mwezi uleule wa Julai 2024 wanajeshi wa China waliingia nchini kwa mazoezi ya pamoja na Tanzania na Msumbiji. Marekani nayo ina meli za aina hiyo, tusidhani ni mchezo wa mmoja.

Sisi wa njia ya misafara tunawajua waganga wageni. Livingstone, daktari, alikaa Kwihara 1872. Miaka 18 baadaye Emin Pasha, naye daktari, akapandisha bendera ya Mjerumani hapahapa Tabora.

Kwenye daftari la hesabu kila kinachopokelewa kina upande wa pili. Tunataka kuuona: makubaliano ya kijeshi na mataifa makubwa yawekwe mezani bungeni.

Hoja hii tunaipeleka kikao cha kata. Mwenye pingamizi aje kikaoni, asiishie kutuma emoji.

Katibu wa Tawi