Sadaka ya Kamera na Kofia ya Askofu wa Masasi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia mwezi wa 10, hela inaingia na miji inachangamka kinoma. Masasi pikipiki mpya, Newala muziki mpaka asubuhi. Na mastaa nao hawako mbali, wanajua pesa imetua wapi.

Hapo ndipo anapotokea yule wa kila mwaka. Majina hapana, ila kila mdau anamjua mmoja wa aina hiyo. Kwenye akaunti kaandika "Mungu kwanza", shingoni msalaba wa dhahabu, nyuma mpiga picha. Anamkuta bibi kakaa kwenye mkeka, anamkabidhi mchele na mafuta ya kupikia, halafu bibi anaambiwa atazame kamera aseme asante. Asiposema vizuri, inarudiwa. Laiki zinamiminika, komenti zote "ubarikiwe kaka". Mchele utaisha wiki ijayo, ila sura ya bibi akipokea msaada itabaki mtandaoni miaka na miaka.

Ieleweke, mchele sio kosa. Mwenye njaa anahitaji kula. Kosa ni kwamba vijana wengi sasa wanaamini Ukristo ndio ule, yaani bila video haujatenda wema. Wakati Yesu mwenyewe alishalimaliza hili suala kwenye mahubiri ya mlimani, alipowakataza wafuasi wake kupigiwa tarumbeta wanapotoa sadaka. Tarumbeta ya leo ni laivu.

Na Masasi ina mfano wake mzuri tu. Kuanzia 1960 hadi 1968, askofu wa Anglikana pale alikuwa Mwingereza, Trevor Huddleston. Kabla ya hapo alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg. Huko Afrika Kusini alikutana na mama mmoja mweusi, mfanyakazi wa ndani, yuko na mwanaye. Huddleston akavua kofia kumsalimia. Basi, hakuna kingine. Ila kwa nchi ile, mzungu kumvulia kofia mama wa kazi za ndani lilikuwa jambo la kushangaza. Yule mtoto alikuwa Desmond Tutu, aliyekuja kuwa askofu mkuu na kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel 1984. Mpaka uzeeni alikuwa bado anaisimulia ile kofia.

Mama yule hakuwa na cha kumlipa padri, wala padri hakuwa na cha kuposti. Kipimo ndio hicho: unamtendeaje mtu ambaye hana faida kwako?

Sasa rudi kwenye msimu. Kuna jamaa Jumapili anaimba kwaya, Jumatatu anafanya kangomba. Anajua mama fulani kabanwa na ada ya mtoto, anamwahi na vijisenti, anachukua korosho zake kwa bei ya chee kabla hazijafika ghalani kwenye mnada. Serikali inakataza, lakini hata isingekataza, huo ni wizi wa kistaarabu. Watu walioanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876 pamoja na Askofu Steere walikuwa wametoka utumwani, wakapitia Zanzibar. Walijua maana ya binadamu kupangiwa bei na mwenye nguvu. Ukristo wa mji ule ulianza na watu wa namna hiyo, leo mtu anauvaa shingoni huku anamkandamiza jirani.

Kuna na kiasi, fadhila ambayo haina mashabiki kabisa. Baba kavuna hela ya maana mwezi wa 11, mpaka wa kwanza shule zinafunguliwa hana hata ya madaftari. Hela imeishia baa na kwenye spika kubwa. Kumlipa kibarua siku mliyokubaliana, kupanga foleni ya maji Newala bila kumrukia bibi mwenye ndoo yake, kumwambia mke ukweli kuhusu hela ya mnada: hivyo navyo ni Ukristo, tena ule mgumu.

Wapo watakaosema video inahamasisha wengine watoe. Sawa. Basi piga picha magunia, bibi muache na heshima yake. Ukishindwa kutoa bila sura yake, ujue ulikuwa unanunua kiki.

Wakulima wa kule wanaelewa. Mkorosho haukupi kitu kwa kupigwa picha. Unapaliliwa, unapuliziwa salfa, unasubiriwa, na kazi yote hiyo hakuna anayeipigia makofi. Uaminifu na upole navyo vinalimwa hivyo hivyo, siku kwa siku. Na shahidi mzuri wa Mkristo wa Masasi au Newala ni jirani yake Mwislamu aliyemkopesha elfu kumi na kurudishiwa kwa wakati. Mashabiki hawawezi kujua hilo.

Mdau, jirani yako akiulizwa kuhusu wewe, atasemaje?